Nembo Yenye Kila Kitu

Jumatatu, 2 Septemba 2024. Kasulu.

Leo nimekuwa mbunifu wa nembo. Imetokea saa nne asubuhi, kwa simu, wala haikuuma.

Siku ilianza kama zote. Nimefungua duka la makava ya simu. Wateja: mmoja. Aliuliza njia ya kwenda stendi. Nikamwelekeza kwa heshima zote za kibiashara.

Kisha akapiga Mama Mdogo. Dorcas Ntirampeba wa Kitahana, mdogo wake marehemu mama yangu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki. Kuna mnunuzi wa Mwanza, bwana Gharibu, anataka chupa mia sita za asali yao. Sharti lake moja: kila kifuniko kiwe na nembo, kwa sababu dukani kwake chupa hukaa kwenye kreti na mteja huona vifuniko kwanza. Anakuja Jumamosi ya tarehe 14. Asipoona nembo, haondoki na chupa hata moja. Asali itatoka kwa ndoo kama miaka yote, aichukue yule mchuuzi anayeibandika jina lake mwenyewe na kuiuza kana kwamba yeye ndiye aliyeumwa na nyuki.

Mama Mdogo akauliza kama hapa mjini namfahamu mtu anayejua kutengeneza nembo. Nikasema namfahamu sana, ni mimi.

Akauliza nimeanza lini. Nikasema siku nyingi.

Dakika mbili.

Jumanne, 3 Septemba

Nimesoma. Masomo manne ya mtandaoni, yote kwa kasi maradufu, kwa hiyo nahesabu nimesoma manane.

Mwalimu wa kwanza alisema nembo nzuri huwa na kitu kimoja, rangi moja au mbili, na isomeke hata ikiwa ndogo kama ukucha. Nilimwonea huruma. Mtu mzima, ana kamera nzuri, na hajui kuchora vitu vingi. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu pia. Wa nne sikummaliza. Wamekariri kwa mtu mmoja, inaonekana.

Mimi nina falsafa yangu. Mteja akiomba nembo, apewe nembo ya kushiba. Nimeorodhesha vitakavyokuwemo: nyuki, mzinga, ua, mti, mikono inayosalimiana, jua, milima, ramani ya Tanzania, kijiko, chupa, njiwa, kitabu kilichofunguliwa, gurudumu la meno (maendeleo) na sura ya Mama Mdogo. Kumi na vinne. Nilifikiria na mwenge, lakini sitaki watu waseme nazidisha.

Nimechora kwa programu ya kwenye simu, hapo barazani. Ng'ambo ya baraza anakaa Asmahani na cherehani yake, anadarizi beji za sweta za shule. Hicho ndicho anachofanya, kutwa, miaka sita sasa. Mwenge na kitabu, kitabu na mwenge, uzi wa bluu. Nikimwonyesha kazi yangu ni kama daktari anamwonyesha muuza dawa ya mbu, lakini alishasogea mwenyewe.

Akatazama muda mrefu. Akauliza nyuki ni yupi.

Nikamwambia hapo kuna nyuki kwa maana pana.

Akauliza mtu akiiona mara moja, akapita, atakumbuka nini. Nikamjibu kwamba huyo mtu asipite, asimame aangalie vizuri. Akasema, "Haya, kaka Nuru," akarudi kwenye uzi wake. Wivu wa kazi nimeushuhudia kwa macho yangu.

Alhamisi, 5 Septemba

Wataalamu wanashauri kukusanya maoni. Nimekusanya mawili, yametosha.

La kwanza ni la kaka Hamis, mkubwa wangu, mwenye duka la misumari na mabati. Aliishika simu mbali, akaisogeza karibu, akasema inafanana na noti ya nchi ambayo serikali yake imeanguka. Nimeandika: ina hadhi ya kitaifa.

La pili ni la Floribert, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huja mjini siku anazopata kibali, hununua kwangu chaja za kwenda kuuza kambini. Mtu mpole. Aligeuza simu yangu juu chini mara mbili, kisha akauliza taratibu, "Patro, hii iko mududu ao iko karte ya inchi?" Patro kwao ni bosi, karte ni ramani. Nikamwambia ni vyote viwili. Akatikisa kichwa, akasema basi huyo mdudu anaumwa.

Nimeandika: inagusa hisia.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku ya rangi. Nimetumia kumi na moja. Maandishi ya aina tano, ili kila msomaji apate anayopenda. Jina la kikundi nimelizungusha pembeni, likaisha kabla ya mwisho, herufi tatu za mwisho zimepanda juu ya njiwa. Inapendeza. Njiwa sasa anaonekana ana cheo.

Saa kumi nikaituma kwa Mama Mdogo. Simu yake ina kioo kidogo na ufa mkubwa.

Jioni akanitumia ujumbe wa sauti. Amenishukuru sana kwa picha ya harusi, maharusi wamependeza, Mungu awajalie. Sasa nimtumie ile nembo.

Nimeamua kwenda mwenyewe. Kazi kubwa hazitumwi kwa simu.

Jumamosi, 7 Septemba. Kitahana.

Ushindi!

Kabla ya ushindi: nilichapisha nembo kwenye bango lenye upana wa mlango, nikapanda basi la alfajiri hadi Kibondo, halafu bodaboda hadi huku, bango begani kama bazuka. Dereva aliuliza kama nagombea udiwani. Nikanyamaza kwa namna ya kutokataa, na niliposhuka nikamwachia namba: Nuru, mbunifu wa nembo.

Akina mama ishirini na wawili walikuwa wamekaa mbele ya ghala lao. Nililifungua bango, nikaeleza kitu kimoja baada ya kingine, dakika arobaini. Walipiga makofi. Mama Mdogo alipojiona kati ya jua na gurudumu la meno alicheka mpaka akafuta macho. Nilikuwa nimefika pale mbunifu anapotaka kufika.

Ndipo mweka hazina wao akainuka. Mwanamke mkavu, mfupi, anaitwa Mama Providence. Akachukua kifuniko cha chupa, akakiweka juu ya bango langu. Akakisogeza kulia. Akakisogeza kushoto. Kilifunika jicho la njiwa na nusu ya kijiko.

Akauliza kwa upole ni kipande kipi kitakachokaa hapa.

Wote wakanigeukia.

Mama Mdogo akaniokoa. Akasema mwanawe ataipunguza, ndiyo kazi yake. Nikasema naam, ndiyo kazi yangu.

Jumatatu, 9 Septemba. Kasulu.

Nimeipunguza.

Steshenari wamenitolea stika moja ya majaribio, kipimo cha kifuniko. Kompyuta yao haina kosa, nimeikagua. Vitu vyote kumi na vinne vimo. Ila vimekubaliana kuwa doa la kahawia.

Nikaibandika kwenye chupa, nikaiweka kaunta kwa kaka Hamis bila kumwambia kitu. Jaribio la kisayansi. Hamis aliiona, akatoa leso, akafuta kifuniko. Akafuta tena. Akatemea mate kidogo kwenye leso, akafuta mara ya tatu, akalalamika kwamba siku hizi watu hawasafishi vyombo.

Nikachukua chupa yangu nikaondoka.

Siku tano zimebaki. Mama Mdogo amepiga mara mbili. Sikupokea, nilikuwa katika ubunifu. Mara ya tatu aliacha ujumbe. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba akina mama wameshaosha chupa zote na kuzianika, na kwamba yule mchuuzi amepita leo, amekaa kwenye ndoo zake akisubiri, hata hakuuliza bei. Anajua watamfuata.

Nimeusikiliza ujumbe mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumanne, 10 Septemba

Asmahani ameniuliza kazi inaendaje. Nikasema niko kwenye hatua za mwisho. Akasema na yeye amejaribu, kwa kujifurahisha tu, akanionyesha kipande cha kitambaa.

Duara. Ndani yake, chini, tundu dogo. Vistari vitatu vifupi vinaelekea kwenye tundu. Uzi mweusi mtupu. Basi.

Nikamwambia kitufe amekipatia, sasa nembo iko wapi.

Alisema yeye kwenye beji kila mstari ni uzi na muda, kwa hiyo huwa anatoa, anatoa, mpaka akitoa kingine kitu kinakufa. Hapo ndipo anaacha. Alitaka kunieleza lile duara ni nini, lakini akaja mzazi na sweta, na mimi sikusubiri. Mambo ya kitoto yana mwisho.

Saa kumi na mbili alifunga cherehani, akaondoka. Kitambaa kilibaki juu ya kiti.

Sikukiiba. Kingepeperuka.

Alhamisi, 12 Septemba. Kitahana.

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya ghala, ambako hakuna mtu wa kuniangalia.

Nilifika na mapendekezo mawili. Bango langu, na kile kitambaa, ambacho nilikitoa mfukoni mwisho kabisa, kama kitu kidogo nilichobuni njiani. Wala sikukibadilisha. Nilijaribu kuongezea jua, sindano ikanichoma.

Mama Providence aliweka kifuniko juu ya kitambaa. Nembo yote ikaenea ndani ya kifuniko, na nafasi ikabaki. Mama mwingine akachukua kijiti, akaichora nembo chini kwenye vumbi. Wa pili akaichora. Mama Mdogo akaichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika. Wote waliipatia mara ya kwanza. Wakaanza kusemezana Kiha kwa kasi ambayo damu yangu nusu haiifuati.

Hapo ningenyamaza. Nafahamu sasa kwamba hapo ningenyamaza. Lakini wakaniomba nieleze maana yake, na mbunifu akiombwa maana hutoa maana. Nikasema duara ni dunia, yaani soko la kimataifa. Tundu ni changamoto. Vistari vitatu ni jana, leo na kesho.

Mama Providence akaniangalia kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa.

Akasema ule ni mzinga. Mzinga wa gogo, ukiutazama kutoka chini ya mti, unauona mdomo wake. Na wale ni nyuki wanarudi jioni. Akasema hata mjukuu wake wa miaka minne, hapo mlangoni, alishasema "mzinga" kabla mimi sijafika kwenye soko la kimataifa.

Mama Mdogo hakupandisha sauti. Alikuja karibu, akanishika mkono, akaniita mwanangu kwa Kiha.

"Nurudini, mwana wanje. Aliyechora hii ni nani?"

Nilikuwa na majibu matatu. Yote yalikuwa mazuri. Sijui kwa nini nilisema Asmahani.

Wakampigia palepale, simu ikawekwa sauti ya juu. Nilijiandaa kuitwa mwizi mbele ya ukoo mzima wa mama yangu. Asmahani akasema ndiyo, kitambaa ni chake, alikisahau barazani, na amefurahi kaka Nuru amekifikisha. Hivyo tu. Akaeleza kwamba babu yake alikuwa akitundika mizinga kule Kagerankanda, na yeye utotoni ndiye aliyekaa chini ya mti kushika kamba. Kila akiangalia juu aliona hivyo. Akina mama wakasema ego, ego, yaani ndiyo, ndivyo unavyoonekana.

Kisha akawaelekeza. Wasichapishe stika, muda umekwisha. Wachukue soli ya kandambili, wachonge nembo kwa wembe, wanunue wino wa muhuri Kibondo, wagonge wenyewe. Kitu chenye mistari michache kinagongeka.

Akaomba jambo moja: kwenye daftari la kikundi waandike kwamba mchoraji ni yeye, na jina wasilikosee herufi. Mama Mdogo aliliandika herufi moja moja.

Mimi hakuna aliyeniandika popote.

Ijumaa, 13 Septemba. Kitahana.

Vifuniko mia sita. Mihuri minne ya kandambili. Akina mama wamekaa mistari miwili wakigonga tangu asubuhi, wanaimba, vidole vyeusi.

Nilipewa muhuri, kwa heshima ya ukoo. Nikagonga vizuri sana. Baada ya kumi hivi nikaona kuna upweke fulani upande wa kulia wa mzinga, nikaanza kuongezea nyota ndogo kwa kalamu. Mama Providence aligundua kwenye kifuniko cha arobaini. Alivisugua vyote kwa majivu, akaninyang'anya muhuri, akanihamishia kitengo cha kukausha.

Kitengo cha kukausha ni mimi, napuliza.

Nimepuliza vifuniko mia tano na sitini. Kichwa kinazunguka. Bado naamini ile nyota.

Jumamosi, 14 Septemba. Kitahana.

Bwana Gharibu amefika saa tano. Nilitegemea tajiri, nikaona mzee mwembamba wa shati la mikono mirefu, mwenye miwani imefungwa na uzi. Chupa zilikuwa mezani, zimejipanga, vifuniko vinatazama juu.

Akina mama walisimama nyuma ya meza. Hakuna aliyeimba tena. Yule mchuuzi naye alikuwepo, ng'ambo ya barabara, juu ya ndoo zake.

Bwana Gharibu hakusalimia sana. Alisimama hatua kumi hivi kutoka mezani, akavua miwani, akaifuta, akavaa. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama Mdogo na bango langu limekunjwa kwapani, tayari kwa lolote. Nilimwona Mama Mdogo anavyoshika kanga yake. Mwanamke anayetoa asali bila glavu, leo anakunja na kukunjua pindo.

Mzee akanyoosha kidole.

"Huo mzinga," akasema. "Nyuki wanaingia ndani."

Hakuna aliyemwambia. Hatua kumi!

Akaonja. Akauliza kama wataweza mia sita nyingine baada ya mvua. Akasaini. Mama Mdogo hakupiga kigelegele kama wenzake. Alichukua chupa moja, akaigeuza mara nyingi mkononi, akasema kwa sauti ndogo kwamba miaka kumi na minne asali yao imekuwa ikienda mjini na jina la mtu mwingine. Halafu akaniita, akanipa hiyo chupa, akasema nimpelekee Asmahani, na njiani nisiifungue.

Kulikuwa na vumbi jingi hapo. Limeniingia macho yote mawili.

Bwana Gharibu aliniuliza nimebeba nini. Hatimaye! Nikafungua bango. Akalitazama kwa adabu, akauliza kama kitambaa hicho cha meza kinapatikana na cha duara. Mama Providence akasema, kumbe, akalichukua, akalitandika chini ya ndoo zinazovuja. Njiwa ndiye aliyepata asali nyingi zaidi.

Jumatatu, 16 Septemba. Kasulu.

Nimemfikishia Asmahani chupa. Haikufunguliwa. Ilifunguka.

Amepata kazi tatu toka juzi. Mwoka mikate wa Kabanga, fundi baiskeli, na kwaya moja. Habari za mzinga zimetembea kuliko nilivyotegemea. Nikamkumbusha kwamba bila mimi kile kitambaa kingekuwa juu ya kiti mpaka leo. Akakubali, ni kweli. Sijui kwa nini akikubali hivyo najiona nimepungua kimo.

Kisha akasema kama napenda, jioni nikae naye nusu saa, anifundishe. Tutaanza na kitu kimoja, tukitoe kinachozidi, tuone kinachobaki. Bure kabisa. Nilimshukuru. Nikamwambia ratiba yangu imebana.

Na imebana kweli! Saa nane amepiga mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda kule Kibondo. Yule dereva aliyenipeleka Kitahana amemwambia kuna mbunifu wa nembo hapa Kasulu, mtu mkubwa, ana bango. Wanataka nembo ya kushona mgongoni kwenye vizibao vya kuakisi mwanga. Mwenyekiti anataka gurudumu. Nikauliza gurudumu na nini. Akasema gurudumu tu, abiria aone kwa mbali usiku, ajue ni sisi.

Nilimhurumia. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba hiyo ndiyo fikra ya mtu ambaye hajakaa na fani. Wanachama ni arobaini na wawili, kila mmoja ana mchango wake. Nikamwagiza anitumie picha za pasipoti za wote, pamoja na leseni.

Zimeshafika kumi na tisa. Wanaume wazuri, wengine wamevaa helmeti. Gurudumu nitaliweka nafasi ikibaki.